Fundi Anayeshona Nauli Ndani ya Pindo

Basi la kuvuka mpaka linaondoka saa mbili kamili, na sasa ni saa moja na nusu asubuhi. Kwenye kibanda kilichobanwa kati ya ofisi ya tiketi na choo cha kulipia, nyuma ya pazia la maua, mwanamume mzima mwenye tai shingoni amesimama bila suruali.

"Fundi, honi hiyo! Nitaachwa!"

"Hiyo ya lori. Ya basi lenu naijua, ina kikohozi," anajibu fundi, na mguu wake hauachi kukanyaga cherehani.

Suruali inayosubiriwa iko chini ya sindano. Fundi ameifumua kiunoni kwa ndani, ameingiza kipande cha bitana, na sasa anamalizia mfuko mwembamba wa kuwekea noti za ugenini. Ukiitazama kwa nje, ni suruali tu kama za watu wengine.

Hapa stendi wanamwita Benki Kuu. Ana miaka sitini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita amewashonea wasafiri mifuko ya siri, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wowote. "Mimi nimebaki hapa hapa kama kigingi," anasema, "lakini mifuko yangu imetembea kuliko mabalozi."

Visa vyake ukivisikiliza vyote utakosa basi. Kuna mfanyabiashara aliyetaka mfuko ushonwe kwapani. Kule ugenini, kila alipotaka kulipa ilibidi ajipapase kwapa, watu wakadhani ana upele, wakamwachia foleni nzima. "Alirudi kunishukuru," anaapa Benki Kuu. "Akataka nimshonee na kwapa la pili."

Siku hizi vicheko vimepungua. Zamani alishona hadi mifuko kumi na mitano kwa siku, kila mmoja kwa bei ya soda tatu. Leo akipata minne anaona sikukuu. Wasafiri wanabeba kadi za benki.

"Kijana analeta suruali nibadilishe zipu. Namuuliza, pesa za safari umeficha wapi? Ananionyesha kiplastiki. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni ahadi, si pesa."

Ubishi huo aliupeleka hadi nyumbani, na nusura umtokee puani.

Ilikuwa miezi saba iliyopita. Binti yao wa pekee, anayeishi nchi ya pili, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Presha ilikuwa imepanda, madaktari wakampangia upasuaji, na mumewe yuko kazini mbali. Akampigia mama yake simu huku analia. "Mama, bila wewe mimi siingii kwenye chumba kile."

Mama mtu ni mpishi wa shule, na mshahara wake huingia benki. Akafunga mkoba siku ile ile.

"Nikushonee wapi?" akauliza mumewe.

"Hunishonei popote. Umeshanijazia mifuko hata kwenye aproni. Safari hii naenda na kadi yangu kama watu."

"Na mashine ikikataa?"

"Nitaiambia mimi ni mke wa Benki Kuu."

Fundi akaokota sindano na uzi. Mkewe alipotoka kwenda kuaga majirani, fundi alichukua koti la mkewe, lile zito la kijivu, akafumua pindo upande wa kushoto, akazipanga humo noti za kigeni alizozinunua kwa wabadilisha pesa, akashona. Hakumwambia. "Nilipanga nimpigie akishavuka, tucheke pamoja," anasema.

Asubuhi ya safari alikuwa na wateja wawili wa haraka. Alimwona mkewe kwa mbali tu, mkono ukipunga dirishani mwa basi.

Kesho yake saa saba mchana simu ikalia. Mkewe yuko ng'ambo ya mpaka, na pesa kidogo alizokuwa nazo mkononi zimeishia kwenye ada ya kuingilia na chakula. Basi la kumfikisha kwa binti linaondoka saa kumi, na upasuaji ni kesho asubuhi.

"Baba watoto, kadi imegoma. Nimejaribu mashine mbili, zote zimenikatalia. Na huyu wa tiketi ananitazama kama nimemuomba figo."

Benki Kuu anakiri kwamba alicheka. "Usihofu, mke wangu. Fumua pindo la koti, upande wa kushoto."

"Koti lipi?"

"La kijivu!"

"La kijivu liko nyuma ya mlango. Nani avae koti kwenye joto hili?"

"Hapo ndipo benki yangu ilipofilisika," anasema fundi.

Aliacha sketi ya mtu imening'inia kwenye sindano, akakimbilia benki ya kweli, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Karani, dada mpole aliyemwita "baba" tangu neno la kwanza, akatafuta kwenye kompyuta.

"Kadi imejifunga, baba. Imejikuta ghafla nchi ya kigeni na mama hakutuarifu kwamba anasafiri. Imeshuku mwizi."

"Mwizi! Huyo mpishi wa shule!"

"Kadi haijui hilo. Na wewe siwezi kukufungulia, lazima nizungumze na mwenyewe." Akampigia mama kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu za benki, akamuuliza maswali yake, huku fundi ameegemea kaunta na jasho linamtiririka. Kisha karani akaitikia kwa kichwa. "Imefunguka. Nimemwambia ajaribu tena."

Mashine ikatoa, lakini haikutoa bure. Mkewe anasimulia sehemu hiyo mwenyewe, akichambua mchele jikoni kwao jioni.

"Ikaniuliza, ukate kwa pesa ya kwenu au ya hapa? Nilivyokuwa nimechoka, nikaona 'ya kwenu' kama nimekutana na ndugu. Nikabonyeza. Kumbe ukichagua hivyo mashine inajipangia bei ya kubadilisha. Ndugu huyo alinilia chakula cha siku mbili!"

Basi alilipata likiwa limeshawashwa. Alfajiri alikuwa kando ya kitanda, na binti alimshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Mtoto ni wa kike, na mapafu yake, kwa mujibu wa bibi yake, ni ya mpiga debe.

Tangu hapo mfuko wa Benki Kuu una vyumba viwili, cha noti za siku ya kwanza na cha kadi. Mteja haondoki kabla ya kujibu kama benki yake inajua anakokwenda. Na lazima autafute mfuko mwenyewe, macho yamefumbwa.

Mwenye tai anaupata mara ya tatu, analipa, anakimbia. Safari hii honi ina kikohozi.

Sasa fundi anasubiri pasipoti, ya kwanza maishani. Mjukuu ameanza kukaa, na kila jioni babu humwona kwenye simu. "Ananishika pua kwenye kioo," anasema. "Nataka aishike hii yenyewe."

Je, nauli ipo?

"Ipo," anajibu fundi akiwa mlangoni mwa jikoni, na kumtazama mkewe.

"Ipo," anasema mkewe, akiendelea kuchambua mchele. "Na mara hii ilipo tunapajua wote wawili."