Mwenyekiti Aliyejiuzulu Kila Mwezi wa Nane

Kila mwaka, mwezi wa nane, Mustapha Mdoe alijiuzulu uenyekiti wa kamati ya lambo, na kila mwaka alibembelezwa akabaki. Watu wa kitongoji chao, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Mkata, waliizoea shughuli hiyo kama walivyozoea mavuno ya mahindi yanayoitangulia. Mwenyewe hakuuita mwezi wa nane. Aliuita Agosti, akilitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayemtaja ndugu yake aliyefanikiwa mjini.

Ndugu huyo alikuwa Augusto, mtawala wa kwanza wa dola ya Roma. Mdoe alikutanishwa naye na mwalimu Benedicto, aliyefundisha jiografia katika sekondari moja ya Korogwe na ambaye, darasa likianza kusinzia baada ya chakula, aliachana na mito ya dunia akasimulia habari za wakubwa. Wanafunzi wengine walizisahau kabla ya kengele. Mdoe alirudi nazo nyumbani, akalima nazo mahindi na mihogo, akaoa nazo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja mgonjwamgonjwa, hajafika hata miaka ishirini, anapata taarifa kwamba Kaisari, mjomba wa mama yake, amechomwa visu na wenzake kikaoni, na wosia unamtaja yeye kuwa mrithi. Wazee wa mji wanamtazama, wanasema huyu ni mtoto, tutamtumia kisha tutamweka kando. Ikawa waliowekwa kando ni wao, na baadhi yao waliwekwa chini ya udongo kabisa. Akaungana na jemadari Antonio, akaachana naye, akampiga baharini yeye na malkia wa Misri. Alipobaki peke yake, pasiwe na wa kumpinga, ndipo akafanya jambo ambalo Mdoe aliliona kubwa kuliko vita vyote: alisimama mbele ya baraza akasema madaraka haya hapa, chukueni. Baraza likamwomba abaki. Akakubali kwa moyo mzito, akakaa na moyo huo mzito miaka zaidi ya arobaini, mpaka kifo. Mwezi mmoja ukabadilishwa jina ukapewa lake.

"Sisi tunasema mwezi wa nane," Chausiku, mkewe, alimwambia mara ya kwanza aliposimuliwa.

"Kwenye kalenda imeandikwa Agosti."

"Kalenda tulipewa na wauza mbegu."

Mdoe naye alipanda polepole. Mwenyekiti wa zamani, mjomba wake, alifariki katika kiangazi kibaya, wenye ndoo na wenye ng'ombe wakiwa hawaamkiani. Wakulima walitaka mtu wao, wafugaji wakataka wao, na wote wakaafikiana juu ya Mdoe kwa kuwa kila upande ulimwona mpole. Ashike kwanza, walisema, mpaka apatikane mwenyekiti. Akatunga kanuni moja tu: asubuhi maji ni ya ndoo, mpaka kivuli cha kibanda cha mashine ya kusaga kitoke getini, kuanzia hapo ni ya ng'ombe. Ugomvi ukaisha. Kisha akahangaikia wafadhili mpaka yakajengwa mabirika ya kunyweshea mifugo. Alikuta lambo la tope akaliacha la zege. Augusto alijisifu hivyohivyo kuhusu Roma, ila yeye alitaja marumaru.

Baada ya zege akaanza kujiuzulu. Kwenye mkutano wa mwaka aliweka ufunguo wa geti juu ya meza, akasema umri umekwenda, wengine washike. Zaidi, shemeji yake, aliinuka akauliza kwa huzuni, "Mwenyekiti, unatuacha na nani?" Wanawake wakaguna, wazee wakatikisa vichwa, na ufunguo ukarudi mfukoni. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Ilikuwa ni adabu. Mgeni akiandaliwa bada, ule ugali wa muhogo, akasema ameshiba, mwenyeji atakayemwamini papo hapo na kuondoa sahani atasemwa kitongoji kizima. Mgeni hubembelezwa, hukataa, hubembelezwa tena, hula.

Wafugaji hawakuwa wakihudhuria. Mwezi wa nane mifugo yao huwa mbali, kwenye majani. Mwaka huu masika yalikawia kuisha, majani yakabaki karibu, na Mdoe mwenyewe akawapelekea taarifa ya mkutano, maana aliona kubembelezwa na pande zote mbili kungependeza zaidi.

Walikuja wengi, wakakalia viti vya mbele, vile ambavyo wakulima huviacha wazi kwa kuoneana haya. Mdoe akaweka ufunguo mezani. Alisema safari hii amechoka kweli. Zaidi akainuka.

"Mwenyekiti, unatuacha na nani?"

Wanawake walikuwa wameshaanza kuguna aliposimama mzee Loserian, mkubwa wa wafugaji wa upande wa mbugani, ameegemea fimbo.

"Shemeji yake ameuliza vizuri," alisema. "Mzee anatuacha na nani. Tumjibu."

Zaidi alibaki amesimama. "Mimi nilikuwa nasema tu, mzee wangu."

"Na umesema vizuri. Mimi na Mdoe tunajuana. Hajatudanganya hata siku moja. Akisema amechoka, amechoka. Kwetu rika likimaliza kazi yake linapumzishwa kwa heshima, hakuna wa kuliambia rudi. Nikimwambia hapana, wewe hujachoka, si nimemwita mwongo mbele ya watoto wake?"

Jibu lilikuwepo, na Mdoe alikuwa nalo, lakini ni la aina ile ambayo mwenye nalo hawezi kulitoa mwenyewe.

"Labda tumuulize," Zaidi alijaribu. "Mwenyekiti, umechoka kabisa, au ni uchovu tu wa kawaida?"

Watu wote wakamgeukia. Mdoe aliutazama ufunguo. Ulikuwa karibu, angeweza kuuchukua bila hata kunyoosha mkono. Alimtazama Loserian, aliyekuwa akimsubiri kwa uso wa mtu anayemwamini mwenzake.

"Nimechoka," alisema.

"Basi anatuacha na Mashavu," akadakia Nasieku, mke wa Loserian, kutoka nyuma. "Si ndiye anayetufungulia geti?"

Ilikuwa kweli. Mashavu, katibu wa kamati, ambaye anauza chai mabasi yanaposimama, alifungua geti kila asubuhi kwa ufunguo wa akiba. Ule wa mwenyekiti ulikuwa wa mikutano.

"Mimi nina chai yangu," Mashavu alisema.

"Chai si unauza ukishafungua?"

Mikono ikanyooshwa. Wa Zaidi nao ulikuwemo, kwa kuwa alikuwa bado amesimama na hakujua aufanyie nini. Loserian akamvika Mdoe blanketi jekundu mabegani, akamshukuru kwa maneno marefu na mazuri, na kesho yake wafugaji wakamletea mtamba wa ng'ombe, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

"Ulisema umechoka," Chausiku alisema, akimfunga mtamba nyuma ya nyumba.

"Si nasema hivyo kila mwaka?"

"Na mimi kila mwaka nasikia."

"Augusto walimkatalia."

"Huyo Augusto wako alikuwa na askari nje ya mlango. Wewe ulikuwa na Zaidi."

Miezi ikapita bila Mdoe kukanyaga lambo. Mtamba alipelekwa na Chausiku. Nyumbani, mzee alisubiri habari za ugomvi. Hakuutakia kitongoji mabaya. Alitaka tu ugomvi mdogo, wa kuwafanya watu waje kubisha hodi. Vuli haikunyesha, maji yakapungua mpaka ngazi ya chini ya zege ikaonekana, na bado hakuna aliyekuja. Mashavu hakubadilisha kitu.

Siku Chausiku alipokwenda msibani Segera, ilibidi mzee amswage mtamba mwenyewe. Aliwahi mno. Getini alikuta mwanamke kijana, Siamanta, aliyeolewa huko mbugani hivi karibuni, akitokea upande wa Kilindi. Mashavu alikuwa amemweka hapo alinde.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ng'ombe bado, mzee. Saa hizi ni Mdoe."

Mzee alisimama. "Ni nini?"

"Mdoe. Maji ya ndoo. Hapa ni Mdoe kwanza, halafu ng'ombe." Alionyesha akina mama waliokuwa wakichota. "Mdoe ikiisha utaingia."

"Nani aliyeiita hivyo?"

"Nimeikuta."

"Na huyo Mdoe ni nani?"

Siamanta alifikiri, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mtu mzima. "Nadhani ni Kizigua, mzee. Maana yake asubuhi."

Mdoe alifungua mdomo. Aliona kwamba akijitaja, binti huyu atapiga magoti kwa aibu, atamfungulia, na ng'ombe atakunywa saa za ndoo kwa jina la yule aliyekataza. Akina mama watatazama. Kesho atakuja mwenye ng'ombe mwingine, naye atataja jina lake.

"Inaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Kivuli kile kikitoka getini."

Kivuli kilikuwa bado kirefu. Mzee aliketi kwenye ukingo wa zege, kamba ya mtamba mkononi, akasubiri Mdoe iishe.