Hipsi Zangu za Pumba

Chekeni mapema mmalize, maana hata mimi nimeshajicheka mpaka aibu imebaki kidogo tu, na hiyo kidogo hunirudia kila ninapokwenda ukweni Getanuwas.

Ilianza na simu. Kila nikiifungua, tangazo: kushoto binti mwembamba kanuna, kulia binti yuleyule ana hipsi na anacheka, eti ni vidonge tu. Nikipitisha, anakuja mwingine mwenye hipsi kumzidi. (Mimi Mungu alinipa urefu, hayo mengine akasahau.) Niliyaangalia mpaka nikaamini kwamba mama yake Emanueli, mchumba wangu, siku nikipelekwa kumwona atamwambia mwanawe aurudishe huu mti alikoutoa. Na Emanueli nilikuwa nampenda, jamani, sikutaka kumkosa kwa ajili ya nyama.

Vidonge niliviogopa. Nikashona mifuko miwili ndani ya taiti, nikajaza vitambaa, ikawa mabonge mabonge, basi nikaingia stoo ya nyumbani, kijijini kwetu Daudi, nikachota pumba za mahindi, zile za ng'ombe wa maziwa, zimeshachanganywa na chumvi. Laini, zinakaa vizuri. Nikajigeuza mbele ya kioo, nikajiona tangazo kabisa.

Sikufikiria pikipiki. Kutoka Endasak, tuliposhukia basi, kwenda kwao ni mawe na makorongo, mimi nimezikalia hipsi zangu nyuma ya bodaboda (Emanueli katangulia na nyingine, kabeba sukari ya mama), nyuzi zinaachia moja moja na sijui lolote. Nikashuka, nikatembea kwa madaha mpaka kwa mama, nikainama nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa nyuma yangu, ambako kuku wa boma zima walikuwa wanadonoa kila nilipopita. Kabla sijaelewa, ndama akaja, akaninusa, akaling'ata gauni pale kiunoni na kuvuta, mfuko ukapasuka, hipsi ya kushoto yote ikamwagika miguuni pa mama mkwe, na ndama akaila palepale, taratibu, bila haya.

Machozi yalikuwa njiani. Nilijua uchumba umeishia hapo. Mama akainama, akaokota kidogo, akaonja.

"Zina chumvi," akasema. "Wageni wote huniletea sukari. Wewe ndiye wa kwanza kuwakumbuka ndama wangu."

Halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango, nami nikajikuta nacheka huku nalia.

"Sasa na huo upande wa pili mpe mwenzake," akasema, "asione wivu."

Nikaingia ndani nikautoa, nikamlisha ndama wa pili kwa mkono, mama kasimama ubavuni ananiuliza habari za nyumbani kama vile nimezaliwa pale. Baadaye nikamuuliza Emanueli kama alikuwa ameziona hipsi. Akasema aliziona, akadhani nimevimba kwa safari, akaona si adabu kuuliza.

Tumeshaoana. Matangazo bado yanakuja, nayapitisha, na chakula cha mifugo sitavaa tena maisha yangu yote. Ila yule ndama wa kwanza, sasa mtamba mkubwa, kila nikifika ananifuata, ananusa kiunoni, akikosa kitu ananitazama kwa masikitiko kisha anaondoka. Katika boma lile zima, ni yeye peke yake aliyewahi kunipendea hipsi.