Pipa la Thumuni

Nilikuwa na ugonjwa wa minada. Miaka ile ya thelathini, Mzungu akihama Shinyanga vitu vyake vilitandazwa uani juu ya turubai, mpishi wake akasimama katikati kuviuza, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Taa ya karabai isiyo na kioo, sahani zenye maua, kitanda cha chuma kilichopungua mguu mmoja: nilivipata kwa bei ambayo wenzangu wakiisikia walishika vichwa. Walinisifu, nami nikavimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku chache kabla ya Ramadhani mtungi wangu wa maji ulipasuka. Katika mji mkavu kama ule, nyumba isiyo na mtungi si nyumba. Kwa bahati, au ndivyo nilivyodhani, kulikuwa na Mzungu aliyekuwa na kimgodi chake huko upande wa Geita. Dhahabu ilimkataa, akawa anarudi kwao, na vitu vyake vikauzwa nyuma ya nyumba aliyopanga mjini. Kati ya viti vibovu na makoleo niliona pipa dogo la bati, kimo chake kupita goti kidogo, lina mfuniko unaobana sawasawa. Mpishi alitaka shilingi. Nikalizungusha, nikalibeza, nikamwonyesha palipobonyea, nikaondoka hatua kumi, nikaitwa. Nililipa thumuni.

Ubavuni palikuwa na mchoro mwekundu uliokwanguliwa, yamebaki matundu mawili kama macho. Nilidhani ni alama ya wauza mafuta. Sikumwuliza mpishi, kwa sababu mnadani ukiuliza sana mwenye mali anajua umekipenda kitu, na bei inapanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa hekima yangu.

Nyumbani nililisuuza, nikamwaga maji uani. Asubuhi kuku wangu wawili walikuwa wamelala miguu juu. Nikasema mdondo umeingia, tukawatupa, maana mzoga hauliwi. Pipa nikalisugua kwa jivu na mchanga mara tatu kwa ajili ya kutu, nikalianika juani siku kadhaa. Siku ya tano ya mfungo nikalijaza maji kwa mara ya kwanza, alfajiri baada ya daku. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mume wangu, na sote tumefunga. Hakuna aliyeyagusa.

Siku hiyohiyo alikuja mama mkwe.

Mume wangu alikuwa Msukuma wa Didia aliyesilimu, mshonaji kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mama yake hakusilimu, wala hakufurahi mwanawe kuoa binti ambaye asili ya baba yake ni Pangani. Watu wa pwani kwao walikuwa watu wa madawa na uchawi. Tena miaka saba ilikuwa imepita nami sijazaa, na mwanamke wa namna hiyo maneno hayamkosi. Kwao mwenye nyumba akimpa mgeni kinywaji hutangulia kuonja yeye, mgeni aone hakuna kitu ndani. Ni adabu yao, kila mtu huifanya. Lakini mimi nilivyoonjeshwa haikuwa adabu. Miaka saba yule mama alinitazama koo mpaka nimeze ndipo apokee. Nilimeza maji pamoja na hasira zangu.

Alifika saa tano, miguu imejaa vumbi, amebeba kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba maji."

Nilichota kwa kata, nikasimama nayo. Kuonja nisingeweza, nimefunga. Kumpa bila kuonja ningekuwa nimemtukana. Akanitazama nilivyosimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanicheka vizuri, kicheko cha mama.

"Najua umefunga. Lete. Leo naamini mkono wako."

Akainywa kata yote. Akaomba ya pili, akanywa nusu, akaiweka chini karibu na kigoda chake. Nilijawa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilitamani mume wangu awepo aone.

Ndipo jirani yetu akapiga hodi. Alikuwa kibarua wa zamani wa migodini, mtu aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kusaga mawe, na alikuja kuazima shoka. Macho yake yakaangukia pipa pale mlangoni.

"Hili umelipata wapi?"

"Mnadani," nikasema kwa majivuno. "Thumuni tu."

Akainama, akapapasa ule mchoro, akasema ni fuvu la mtu, alama ya sumu. Alizungumza polepole, na kwa Kiswahili, ambacho mama mkwe alikijua kidogo tu. Alisema mapipa hayo wanayajua. Yanakuja na dawa nyeupe ya kutenganisha dhahabu na mchanga. Mwenzao mmoja alijaribu kulamba chembe, hakumaliza hata sentensi. Akauliza kama kuna aliyekunywa humu.

Niliwakumbuka wale kuku. Niliogopa asije akafa, wallahi niliogopa. Lakini sitajipamba: niliogopa zaidi nafsi yangu. Mama akifa nyumbani kwangu, kwa maji yangu ambayo sikuyaonja, nani Didia nzima angesikiliza habari za mnada? Nilijua wanawake waliitwaje kwa mambo madogo kuliko hayo, na nilijua walivyofanywa.

Sikujua la kufanya, nikafanya moja. Nikaichukua ile kata, nikanywa nusu iliyobaki, mpaka tone la mwisho. Jirani akapiga ukelele wa kunizuia, nimeshamaliza. Saumu yangu ikavunjika hapo.

Mama mkwe alinishangaa. "Sasa ndiyo unaonja? Baada yangu?"

Nikapiga magoti nikamweleza kwa Kisukuma changu kibovu, kila kitu: pipa, kuku, mchoro, na jinsi ambavyo sikuuliza. Alitazama kata, akatazama mikono yake, akaigeuza viganja juu. Jirani alikuwa ameshakimbilia maziwa, maana migodini waliamini maziwa huzima sumu. Akarudi na kibuyu kizima. Tukanywa, mimi nikitangulia bila kuambiwa.

Kisha tukakaa. Kila alipokohoa moyo uliniruka. Tumbo lilininguruma nikasema haya, ndiyo hii, nikasoma shahada kimoyomoyo. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu methali hiyo kwa kuwatania. Jua lilikataa kusogea. Yeye alikaa kwenye kigoda, akinitazama koo.

Adhana ya magharibi ilitukuta hai. Labda lile jivu na mchanga, labda siku zile za jua. Mume wangu aliporudi alimkuta mama yake anamenya viazi na mke wake analia jikoni. Jirani alilitoboa pipa kwa msumari chini na ubavuni, asilitumie mtu mwingine, akalifukia. Siku ile ya mfungo niliilipa baada ya Idi.

Mama mkwe alikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka aliomba maji. Nilikuwa nimeazima mtungi kwa jirani, nikayachota, nikampa moja kwa moja kama alivyotaka siku ile.

"Onja," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga mlango wake jioni.

Minadani nilirudi, sitadanganya, ila nikawa naitwa mama wa maswali, na bei zangu zikapanda. Watoto walikuja baadaye, watatu, wakamzoea bibi yao, akawabeba mgongoni. Alinipenda pia, nadhani. Lakini kila kata, kila kikombe cha uji, kwa miaka yote iliyobaki, alingoja nimeze kwanza. Nami sikukasirika tena hata mara moja.

Alipougua mara ya mwisho alikuwa hasemi wala hainui mkono. Nilimpelekea uji, nikamkalisha, nikausogeza mdomoni. Akafumba midomo, macho yake yakanishukia kooni. Nikaonja, nikameza. Ndipo akafungua kinywa.