Wanaume Kumi na Mmoja Mlangoni kwa Mwalimu

Mimi ndiye mtu wa kwanza kuweka jimu hapa mtaani Iftin, na anayekataa aje tubishane. Shule niliiacha darasa la tatu nikafuata ngamia. Kutoka kwa ngamia nikawa utingo wa lori, kutoka utingo nikashika usukani, na leo nina duka la mabati, na nyuma ya duka nina banda ambalo hata maofisa wa kaunti huja kutoa jasho. Vyuma vya kwanza nilivitengeneza mwenyewe: ekseli ya lori lililokufa, na kila upande debe la rangi lililojazwa saruji. Siku hizi nina mashine za umeme. Lakini wanaojua kubeba bado wanapenda zile za saruji.

Alikuwepo mwalimu wa hesabu, mtu wa Kenya ya chini, kama tunavyowaita huku wasio Wasomali. Kwa miezi minane alikuja kila siku baada ya Alasiri, akikaza kamba za viatu mara mbili kabla ya kugusa chochote. Watu huogopa kunikosoa. Yeye siku ya kwanza tu aliniambia, "Bosi, mgongo wako unapinda. Ukiinua hivyo utaumia. Shusha makalio kwanza." Nikashusha. Kiuno nilichotoka nacho kwenye usukani, kinachouma miaka na miaka, kikatulia mpaka mke wangu akauliza nimepata dawa gani.

Sasa, alasiri moja mchinjaji wetu, jitu la kutisha, alishindwa kuinua chuma fulani. Mwalimu akalala kwenye benchi, akakiinua mara tatu. Nikapiga kelele banda zima lisikie: "Warya, mchinjaji, aibu! Hata mgeni amekushinda!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mchinjaji akajibu kwa Kisomali, wakacheka zaidi. Mimi nilidhani nimemsifu mwalimu. Yeye alirudisha chuma mahali pake, akafuta benchi kwa taulo lake, akasema "Asanteni," akatoka.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Nikawa mtu wa kusimama na kukaa. Nilipanga dambeli kuanzia kubwa, nikazipangua nikazianza kutoka ndogo. Mteja aliomba bati la geji thelathini, nikamkatia ishirini na nane, mimi ambaye nalijua bati kwa kuligusa tu. Siku ya tano binti yangu, ambaye mwalimu huyo anamfundisha, alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Aabo, mwalimu wa hesabu amechukua fomu ya uhamisho."

Chai ilinishinda. Kabla yake mtoto huyu alikaa muhula mzima bila mwalimu wa hesabu. Waliotangulia waliondoka kwa hofu, maana huku walimu wasio wenyeji wamewahi kushambuliwa, na hakuna aliyekuja kujaza nafasi. Huyu mmoja aliyekubali kuja, nimemfukuza mimi kwa mdomo wangu.

Nikaenda jimu, nikauliza, "Nani anajua nyumba ya mwalimu?" Hakuna. "Jina lake je?" Hakuna pia, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Tulimwita Mwalimu, basi. Ni mtu wa mkokoteni wa punda, yule anayegawa maji, ndiye aliyetuelekeza.

Kwetu ukimkosea mtu huendi peke yako. Unakwenda na wanaume, na wakiwa wengi ndiyo heshima yenyewe. Nikafunga jimu tukatoka kumi na mmoja, vile vile tulivyokuwa, fulana zimelowa, mchinjaji bado amejifunga ule mkanda mpana wa kubebea vyuma. Mimi mbele. Nilijiona mkubwa siku hiyo, sikatai.

Nikagonga mlango wa bati kwa ngumi. Ndani nikasikia meza inaburutwa, ikagota kwenye mlango.

"Mnataka nini?"

"Tumekuja kwako, mwalimu!"

"Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja!" nikasema kwa fahari.

Kisha sauti ikatoka nyembamba: "Nimeshampigia chifu simu."

"Mwambie alete viti!" mchinjaji akasema, na wale wajinga wakacheka. Hapo nikageuka nikatutazama. Mabega, jasho, mkanda. Hata mimi nisingefungua.

"Rudini nyuma! Mpaka kwenye ule ukuta. Kaeni chini nyote!" nikawaamuru.

Wakakaa mchangani kama watoto wa duksi wakisoma Kurani. Mimi nikakaa pale pale mlangoni, kiuno kikalia.

"Mwalimu, ni mimi, bosi. Nilikuita mgeni mbele ya watu. Hawa nimewaleta kuomba radhi."

"Mlicheka wote."

"Tulimcheka mchinjaji, walahi."

"Mimi nitajuaje, bosi? Miezi minane. Kila anayeingia mnaulizana, habari ya mbuzi, habari ya mvua, habari ya mama. Mimi naambiwa 'Mwalimu' na mazungumzo yanaisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anaitwa nani."

Nikachora mchanga kwa kidole. Mimi!

"Mimi nakwambia!" mchinjaji akanguruma kutoka ukutani. Akataja jina lake, la baba, la babu, akaenda mpaka la saba. Aliyefuata akapokea. Walipofika wa nne nikasikia ndani mtu anapumua kwa pua, kama anayezuia kicheko.

"Ngojeni," akasema. "Hii ni rejista ya shule nzima."

Meza ikaburutwa tena, mlango ukafunguka upana wa kiganja. Nikataja majina yangu mpaka babu wa kumi na moja, maana hapo hakuna anayeniweza. Naye akataja yake. Mawili. Tukangoja.

"Ni hayo tu?" akauliza mchinjaji, ambaye ulimi wake hauna 'p'. "Bole sana, mwalimu."

Akacheka kweli. Simu yake ikalia, chifu anauliza hali. "Ni watu wa jimu, mzee," akasema. "Nimewajua."

Kesho yake alikuja. Sasa nimeweka sheria: akiwepo yeye ni Kiswahili, kibovu au kizuri, na hakuna kugusa chuma kabla ya kutoa habari za nyumbani. Tunajua mama yake anasumbuliwa na macho. Anajua mchinjaji ana ngamia aliyepotelea upande wa Hulugho, na humwulizia kila siku.

Nilimuuliza mara moja kuhusu ile fomu. "Iko kwenye begi," akasema. "Sijaijaza, sijaichana." Sijauliza tena.

Muhula unakaribia kuisha. Jana alichelewa dakika ishirini. Nikavaa viatu nikatoka, safari hii peke yangu, nikamkuta kwenye kona anakuja, begi mgongoni.

"Bosi, unakwenda wapi?"

Nikamwambia nakwenda kupokea lori la mabati. Hakukuwa na lori.