Utepe Mbele ya Gari Namba 41

Cheo chenyewe tu kilinichekesha. Ambilikile alijiita mmiliki wa timu ya mashindano ya magari, na timu ilikuwa gari moja kuukuu, trela lenye kutu na yeye mwenyewe. Hapa Carrollton watu wenye vyeo vya namna hiyo hatujawakosa. Tunaye mkurugenzi ambaye ofisi yake ni kiti cha mbele cha gari, na tunaye askofu mwenye waumini tisa, sita kati yao wakiwa wanawe. Lakini hao angalau wanavaa suti. Ambilikile alikuja kanisani kucha zimejaa grisi, ukimpa mkono inabidi ukanawe.

Alikuja Texas kusoma, akaishia kutengeneza vitanda vya hospitali. Kazi hiyo aliiweza. Kitanda kikigoma kupanda, anaitwa yeye. Mwaka mmoja mfanyakazi mwenzake akamchukua kutazama mashindano katika uwanja mdogo kusini mwa DeSoto, ule wa lami ya mviringo, ambako magari ya kawaida yaliyong'olewa viti na vioo huzunguka mara hamsini yakigongana ubavu. Watu wazima wanazunguka, wanarudi pale pale walipoanzia, halafu wanapigiwa makofi. Mwenzetu alirudi amepotea kabisa. Mwezi uliofuata alinunua sedani iliyokwisha kugongwa mara mbili, akakodi banda DeSoto, akaandika namba 41 mlangoni kwa mkono wake.

Msimu wa kwanza gari lilimaliza mashindano mawili kati ya kumi na manne. Dereva wa kwanza alihamia kwa mtu mwenye injini bora, bila hata kuaga. Wa pili alikuwa Kariuki, mwendesha teksi, ambaye alikanyaga breki kila kona kama mtu aliyembeba mama mkwe kiti cha nyuma. Tulicheka sana. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata msibani, aliyekosa la kusema alimuuliza Ambilikile kama wiki hii amekuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Naye alijibu kwa upole, na sababu akazitaja: gasketi, tairi, mvua. Upole huo ulinikera kuliko gari lake.

Msimu wa sita akampata Chepngetich, muuguzi wa wagonjwa mahututi, aliyepeleka gari lake bandani kufungiwa breki mpya, akaomba kulijaribu lile la mashindano. Wakenya wenzake walimuuliza kwa nini asikimbie kwa miguu kama watu wa kwao. Msimu uliofuata walishika nafasi ya nne. Msimu wa nane walishinda mara tatu, na ilipofika Oktoba walikuwa wanaongoza kwa pointi, limebaki shindano moja. Hata wangemaliza wa kumi, ubingwa ulikuwa wao. Walichotakiwa ni kuingia uwanjani tu na kumaliza.

Pale uwanjani bingwa ana haki moja ya maana: mwaka unaofuata gari lake linabeba namba moja. Ambilikile alikwisha kuikata hiyo moja kwenye karatasi ya njano ya kunata, akaificha kwenye droo ya spana. Niliiona siku nilipokwenda bandani kumpa habari kwamba jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki imeunda kamati.

Ndiyo, kamati. Wale wale waliomwita mzee wa vyuma chakavu waligundua ghafla kwamba ni wetu. Mwenyekiti alikuwa Mogaka, mfamasia asiyeweza kuipita maikrofoni bila kuishika. Mimi, Melania, nilikuwa katibu. Tulikuwa wajumbe kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejua kubadilisha tairi. Tulikaa vikao vinne. Cha kwanza kilijadili rangi ya vitenge. Cha nne kiliamua kwamba gari lizinduliwe rasmi kabla ya kuingia uwanjani, na utepe ukatwe na mgeni rasmi, Bwana Rogers wa Missouri City, dalali wa nyumba na mwenyekiti wa jumuiya ya Houston. Gari lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na lilikwisha kushindana kwa miaka minane, lakini hakuna aliyeuliza tunazindua nini. Mkasi niliununua mimi, mpya, wenye mpini wa rangi ya dhahabu.

Siku ya shindano hilo la mwisho tulisimamisha mahema mawili katika eneo la timu, gari likiwa katikati, na utepe mwekundu tukaukaza mbele yake kutoka hema hili hadi lile. Shindano lilikuwa saa kumi na moja jioni. Ilipofika kumi na nusu Chepngetich alikuwa ndani, mikanda imefungwa, kofia ngumu kichwani. Mgeni rasmi alikuwa bado barabarani. Alipiga simu akasema amekaribia, na kwa maana yetu ya kukaribia alikuwa hajafika hata Corsicana, mwendo wa karibu saa nzima kutoka uwanjani.

Msimamizi wa uwanja, mzee mmoja wa Kitexas, alikuja kutuonya kwamba lango la magari kuingilia uwanjani litafungwa baada ya dakika kumi. Mogaka alimshukuru kwenye kipaza sauti, akamtambulisha miongoni mwa wageni waalikwa, akamwomba asimame apunge mkono. Mzee wa watu alikuwa amesimama tayari, akapunga. Kisha kwaya ikaimba wimbo wa beti sita.

"Mzee, wenzetu washa-line up," Chepngetich alisema kutoka dirishani. "Nipite nayo tu hii ribbon?"

Ambilikile aliutazama utepe, akawatazama wazee waliokaa mstari wa mbele na sahani za pilau magotini. Alikuwa anatoka jasho hadi shingoni. Alimwendea Mogaka, akainama kidogo, akamweleza habari ya lango. Mogaka akasogeza maikrofoni kando ya mdomo na kumjibu kwamba mtu ameacha shughuli zake, anaendesha saa nne kwa ajili yetu, hawezi kufika akute utepe umekatwa. Lazima itifaki izingatiwe.

Hapo ndipo alipokuja kwangu.

"Dada katibu, mkasi unao?"

Ulikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa begani mwangu. Msimamizi alikuwa amerudi, anatuonyesha vidole vitano.

"Mgeni rasmi ameshapita Corsicana," nikamjibu.

Mtu atasema Ambilikile mwenyewe alikuwa na mikono, na mikono inayonyanyua injini haishindwi na utepe. Hoja hiyo nimeitumia kujitetea muda mrefu, na inanitia aibu. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kugusa chakula kabla ya mgeni kugusa, na sisi tulilijua hilo, ndiyo maana tulimfanyia tulivyomfanyia. Tusingethubutu kumfungia utepe mtu mkorofi. Alinishukuru. Alinishukuru, jamani, kisha akarudi kusimama kando ya gari na mkono wake juu ya paa. Lango likafungwa. Tukayasikia magari kumi na tano yakianza kuzunguka upande wa pili wa ukuta. Chepngetich alizima injini, akatoka, akaenda kukaa kwenye trela.

Bwana Rogers alifika wakati bingwa mwingine akikabidhiwa kombe. Akakata utepe. Akahutubia dakika ishirini kuhusu kuthubutu, vigelegele vikapigwa. Tulipiga picha gari likiwa limesimama, na katika picha zote Ambilikile anatabasamu. Kwenye kumbukumbu za kikao kilichofuata niliandika kwamba uzinduzi ulifana.

Januari alitangaza amestaafu. Kamati ikaunda kamati ndogo ya kumuaga, naye hakutokea. Tukamsema kwamba hana shukrani, kisha tukakila chakula.

Mwezi wa Mei nilikwenda Missouri City kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Mumewe alinionyesha kwenye simu picha ya dada mmoja Mwafrika anayewatesa watu katika uwanja mdogo nje ya Houston. Gari nililitambua kabla ya dereva. Jumapili mchana nikaenda, peke yangu.

Nilimkuta Ambilikile amelala chali chini ya namba 41, na Chepngetich anavaa glavu. Hapakuwa na hema wala kitenge. Kumbe kila wiki watu hawa waliendesha saa nne kuja na saa nne kurudi, ili tu wasikutane na sisi. Kwenye kifuniko cha sanduku la spana, kwa ndani, ile namba moja ya njano ilikuwa imebandikwa.

Ambilikile akatoka, akajifuta mikono. "Karibu, dada Melania, karibu sana," akasema, akanisogezea kiti, na walikuwa nacho hicho kimoja tu. Chepngetich alinitazama mara moja, akaingia garini.

Mimi nilikuwa nimekuja na ombi langu la radhi, nimeliandaa njiani, lina utangulizi na hoja tatu. Nikasimama vizuri. Nikaanza kwa kusema kwamba kwa niaba yangu na kwa niaba ya kamati... Akainua kiganja taratibu. Nadhani maishani mwake mimi ndiye mtu wa kwanza kukatizwa naye.

"Utakaa utazame, dada," akasema. "Ila huo mkoba kauache kwenye gari lako kwanza."

Mkasi ulikuwa bado umo, sijui kwa nini sikuwahi kuutoa. Nikaenda kuuacha. Nilipokuwa nafunga mlango niliisikia injini ikinguruma, na niliporudi gari lilikwisha kuingia uwanjani. Hawakunisubiri.