Sweta Mbili Kwenye Kamba

Harufu ya sweta mbichi siipendi hadi leo. Ni harufu ya sufu iliyokaa na maji siku tatu, imechanganyika na sabuni ya kipande na moshi wa makaa, na nikikutana nayo popote, hata ofisini kwa watu, ninaanza kutafuta mlango uko wapi. Wanangu hunicheka. Wao wamekulia kwenye nyumba yenye veranda na nguo zao hukauka hata mvua ikinyesha, kwa hiyo hawajui kwamba mtu anaweza kuogopa sweta. Mimi niliiogopa muhula mzima. Nilikuwa na miaka kumi, nikiwa darasa la nne, na sweta yangu ya kijani ilikuwa ndicho kitu pekee kilichoweza kutufukuzisha nyumba.

Kabla ya hapo tuliishi katika vyumba viwili karibu na katikati ya mji wa Eldoret. Kutoka hapo Mama alitembea kwa miguu hadi sokoni alikouza mitumba, na Baba akatembea hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikotunza stoo. Kisha mwenye ploti akaiuza. Aliyenunua alitaka kujenga ghorofa, na sisi tukaambiwa mwisho wa mwezi wa nne tuwe tumetoka. Nyumba nyingine za hapo karibu zilikuwa zimetushinda kabisa. Ikabidi tutafute pembeni mwa mji, mahali ambapo kodi ingetuachia kitu cha kula, shule yetu isiwe mbali, na watoto waweze kucheza nje bila mtu kukaa roho juu. Baba alisema wazi kwamba tukikosa, tutagawanywa: yeye atapanga chumba kimoja na Mama na mdogo wetu Simiyu, na mimi na dada yangu Nekesa tutaenda Chepsaita kwa Kukhu, nyanya yetu. Nilimpenda Kukhu sana, lakini nilimpenda wa likizo. Sikutaka kumpenda wa mwaka mzima.

Kila Jumapili baada ya kanisa tulitoka kutafuta. Mama alikuwa na mtindo wake, na sijaona mtu mwingine akifanya hivyo. Hakuangalia nyumba kwanza. Aliangalia kamba ya nguo. Alikuwa ameuza mitumba miaka mingi kiasi kwamba angeitazama sweta kutoka barabarani na kukwambia mwenyewe ana miaka mingapi na kama anatambaa au anatembea. Akiona kamba yenye suruali za wanaume tupu, alisema hapo Jumamosi hakulaliki. Akiona mtu ameketi kwenye kigoda akilinda nguo zake, hata hodi hakupiga, kwa sababu ina maana nguo huibwa. Maili Nne tulipata nyumba nzuri yenye dirisha kubwa, Baba akaanza kutabasamu, lakini Mama aliona kamba ina nguo za watu wazima pekee. Alisema mahali ambapo hakuna kaptula hata moja, kuna sababu. Tulirudi nyumbani, Nekesa akiwa amembeba Simiyu mgongoni, na mimi nikihesabu Jumapili zilizobaki. Zilikuwa mbili.

Mtaa wa Pioneer tuliupata Jumapili ya mwisho kabisa. Ilikuwa ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana, na katikati kamba ndefu mbili zilizojaa nepi, magauni madogo, kaptula na mashuka, na hakukuwa na mtu yeyote aliyezilinda. Mama alisimama langoni akatazama, kisha akasema, "Hapa." Mwenye ploti alikuwa mama mmoja mzee kutoka upande wa Nyeri, mjane mwenye duka mbele na ng'ombe wawili nyuma, na wapangaji wote walimwita Shosho, yaani nyanya. Alitusikiliza kutoka nyuma ya waya wa dirisha la duka. Mimi nilikuwa nimebaki nje ya lango, nimekaa juu ya jiwe nikitoa kijiti kwenye kiatu, na nilisikia kila neno.

"Watoto ni wangapi?" Shosho aliuliza. "Mimi sitaki zaidi ya wawili. Choo ni moja na maji ni ya tangi."

Mama akajibu, "Ni wawili, Shosho. Huyu msichana na huyu mdogo."

Nimekuwa nikiufikiria uamuzi huo maisha yangu yote, na kila nikiufikiria naona haukuwa na kosa la hesabu. Simiyu alikuwa bado ananyonya, huwezi kumficha mtoto anayenyonya. Nekesa alikuwa darasa la nane na mtihani ulikuwa mwaka huohuo. Aliyebaki ni mimi. Nilielewa hivyo hata nikiwa juu ya lile jiwe, na kuelewa hakukunisaidia chochote. Nilimwonea wivu Simiyu kwa sababu ya meno yake manne.

Tulipohamia, Shosho aliniona nimebeba sufuria na akauliza mimi ni nani. Mama alisema mimi ni mtoto wa dada yake anayekaa mtaa wa Huruma, nakuja mara kwa mara kumsaidia na mtoto. Usiku uleule Baba alinieleza masharti. Mbele ya watu nimwite Mama Anti. Nikisahau mara moja, nitafunga nguo zangu niende Chepsaita, kwa sababu hakuna mtu atakayepangisha tena familia iliyofukuzwa kwa uongo. Hakunigombeza. Aliongea polepole kama anayemwelekeza mgeni njia, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Wiki za likizo zilipita salama. Shule zilipofunguliwa ndipo kazi ilipoanza. Asubuhi nilitoka kabla Shosho hajafungua duka, nikiwa na gauni la nyumbani, yunifomu ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilibadilishia nguo kwenye kibanda cha Mama sokoni, nyuma ya rundo la makoti. Jioni nilingoja kwenye kona ya ploti hadi nisikie Shosho akiwaita ng'ombe wake, maana akianza kukamua hakutoka zizini kwa nusu saa, na hapo ndipo nilipopita langoni mbiombio. Mwisho wa wiki nilihesabika kuwa mgeni, nikawa na ruhusa ya kuonekana. Wapangaji wenzetu walijua wote. Mama mmoja wa chumba cha pili hata alinipigia mluzi siku ambazo njia ilikuwa wazi, na watoto wake walijifunza kuniuliza mbele ya Shosho, "Huruma kuko aje?" Nilijibu kwamba kuko sawa tu. Nilikuwa mwongo mzuri, na kwa kweli nilijivunia.

Tatizo lilikuwa sweta. Anayeijua Eldoret katika miezi ile anajua baridi yake. Asubuhi ukungu, saa nane mvua, wakati mwingine na mawe. Bila sweta, mtoto hafiki mwisho wa juma. Lakini mbili za kijani, kubwa na ndogo, za shule moja, zikining'inia kwenye kamba ya familia iliyo na msichana mmoja wa shule? Mama, aliyesoma kamba za watu mji mzima, alijua vizuri yake ingesomwaje. Kwa hiyo ya Nekesa ilianikwa nje na yangu ilianikwa ndani, juu ya msumari nyuma ya kabati, mahali ambapo hata panya wangelalamika kuhusu unyevu. Niliivaa mbichi Jumatatu na bado ilikuwa mbichi Alhamisi. Nilianza kukohoa. Nilikohoa ndani ya mto, ndani ya kiwiko, ndani ya sketi ya Mama. Mwezi wa saba Mama alikuwa akiweka kiganja mgongoni mwangu kila jioni, akisikiliza, bila kunitazama usoni.

Jumamosi moja jua lilitoka baada ya juma zima la giza. Mama alitazama angani, akanitazama, kisha akachukua sweta yangu, akaianika nje na kuifunika kwa shuka ili ikauke ikiwa imefichwa. Tukaenda sokoni. Alijua kwamba mvua ikija, mtu wa ploti atatuanulia. Hiyo ilikuwa desturi ya pale, na ndiyo maana hakuna aliyelinda nguo: aliyekuwepo nyumbani alianua za wote, akazikunja, akaziweka, na mwenyewe akirudi anapewa zake. Alichosahau Mama ni kwamba siku hiyo wapangaji karibu wote walikuwa wamekwenda harusi ya kanisa. Na alisahau kwamba Shosho pia ana mikono.

Mvua ilipiga saa nane. Tulifika tumelowa, Simiyu akiwa chini ya koti la Mama, na kamba zote mbili zilikuwa tupu.  Shosho alituita kutoka dukani. Nguo zetu zilikuwa juu ya kaunta, zimekunjwa vizuri kuliko Mama alivyozikunja siku zote, shuka chini, sweta ya Nekesa juu yake. Ile ndogo alikuwa ameishika mkononi.

"Mama Nekesa, nimeanua zenu," alisema. "Hii ndogo sijui ni ya nani."

Ilikuwa na kiraka kwenye kiwiko. Mama alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa maruni kwa kukosa wa kijani, na kutoka pale niliposimama niliona kila mshono. Mama aliitazama. Kisha akasema, "Si yetu, Shosho. Labda ni ya wale wa chumba cha mwisho."

Shosho aliitazama sweta, akanitazama mimi. "Sawa. Mwenyewe atakuja," akasema, akaitundika kwenye msumari mlangoni mwa duka.

Hapakuwa na aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyenituma. Nilimshika Mama mkono, nikasema kwa sauti ya mtoto wa kutoka Huruma, "Anti, twende."

Jumapili hatukwenda kanisani. Baba alisema imetosha, Shosho amejua, na kabla hajatutoa ni afadhali niende Chepsaita, ndipo Mama aseme kweli kwamba mtoto wa dada amerudi kwao. Alikunja nguo zangu mwenyewe. Zilikuwa chache, zikatosha mfuko mmoja wa nailoni. Nekesa alilia hadi akashindwa kusoma. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira kwa Mama, si kwa sababu ya safari. Nilikuwa na hasira kwa sababu ya kile kiraka.

Jumatatu asubuhi Mama alinishika mkono wa kushoto, mfuko ukiwa kwenye wa kulia, na hatukutoka mapema. Tulitoka saa moja na nusu, duka likiwa wazi. Kulikuwa na baridi na mimi nilikuwa na blauzi tu. Nilidhani tunaenda stendi ya magari ya Turbo, ya kunipeleka Chepsaita. Tulipofika dirishani kwa Shosho, Mama alisimama.

"Shosho, naomba hiyo sweta," akasema. "Ni ya mtoto wangu."

"Yupi?"

"Huyu."

"Huyu si wa dada yako?"

"Ni wangu. Nilimzaa mimi. Nina watatu. Kama ni kutoka, tutatoka, lakini tutatoka na yeye."

Shosho alitoka nyuma ya kaunta, akaitoa sweta kwenye msumari, akanivalisha yeye mwenyewe, mkono mmoja kisha mwingine. Ilikuwa kavu. Alikuwa ameikausha karibu na jiko lake na ilikuwa na joto hadi kwenye kola. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimeivaa ikiwa kavu.

"Mimi nilijua kitambo," alimwambia Mama, bado akinifunga vifungo. "Huyu na Simiyu ni uso moja. Nilikuwa nangoja tu uniambie. Lakini Jumamosi ulinikasirisha. Watoto watatu si shida. Shida ni vile umekataa nguo ya mtoto na yeye amesimama hapo." Akanyanyuka. "Zamu yenu ya kuosha choo sasa ni mara mbili kwa wiki."

Mama alisema asante mara nyingi mno. Kisha akaniambia, "Naliaka, sema asante kwa Shosho." Nikasema. "Na mama yako je?" Shosho akaniuliza. Nilimgeukia Mama nikiwa na furaha, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Asante, Anti."

Shosho alicheka. Mama alicheka pia, hadi tulipopinda kona, kisha akasimama akafuta uso kwa kona ya leso. Ilinichukua hadi karibu na Krismasi kurudia kumwita Mama bila kufikiria kwanza. Hatukuwahi kulizungumzia. Tulikaa kwenye ploti ile miaka saba, Nekesa akafaulu, na Simiyu alipochafua choo zamu ilikuwa yetu kama kawaida.

Sasa Eldoret ni jiji, na Pioneer ile ya nepi na kaptula ina maghorofa, na bodaboda zimejaa kila kona. Kodi imetufukuza tena, safari hii mimi na watoto wangu watatu, na kwa miezi miwili nimekuwa nikitafuta nyumba kando ya barabara ya kwenda Ainabkoi. Sasa unapigia simu wakala na anakutumia picha. Hakuna kamba kwenye picha. Ninapokaa sasa kila mtu ana kamba yake kwenye veranda yake, imefungiwa kwa geti la chuma, na juma lililopita mvua ya upepo ilinyeshea nguo za jirani yangu kutwa nzima nami nikizitazama, kwa sababu hakuna namna ya kuzifikia. Hata hivyo swali ni lilelile. Wakala hata hajauliza jina lako, anauliza watoto wako ni wangapi.

Jana nilipata nyumba. Nilimpigia Mama, ambaye siku hizi anaishi Chepsaita kwenye nyumba ya Kukhu, nikamweleza kuna maji, kuna shule karibu, kodi naiweza. Alisikiliza yote. Kisha akauliza niliwaambia nina watoto wangapi.

"Watatu," nikasema.



"Wote?" akauliza.

"Wote, Mama."