Ramani ya Majivu

Majivu yaliyolowa umande yana harufu yake, kali kidogo, kama jiko lililozimwa kwa maji. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya shule ya msingi kule Kirushya, Ngara, miaka ya Ujamaa. Kila Ijumaa tulibeba majivu kutoka majikoni kwa mama zetu, tumeyafunga kwenye majani ya migomba, na Mwalimu Zabroni akachora kwayo ramani ya Afrika uwanjani, kubwa kiasi cha kulitosha darasa zima la tano. Kila mtoto alikuwa na nchi yake kwa mwaka mzima. Alisimama ndani ya mipaka yake, akaeleza watu wake wanalima nini na wanasalimianaje, kisha akashikana mikono na majirani na kuwaita ndugu. Kila asubuhi mstarini tulitamka kwamba binadamu wote ni ndugu zetu. Mwalimu alitaka na miguu yetu ijue.

Nchi tuligawana kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia yake. Mimi niliokota Uganda. Rafiki yangu Speciosa, tuliyekaa dawati moja, aliokota Tanzania. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, maana niliitaka nchi yangu mwenyewe. "Haya, chukua," akasema, akanipa karatasi yake. "Wewe hata kiazi unakililia!" Mwalimu aliandika majina baadaye, wala hakujua. Kwa miezi mingi Speciosa alikuwa Uganda hodari, mwenye kahawa na pamba, mkono wake ndani ya wangu. Hata kisimani tulimwita Uganda, naye akaitika.

Kisha redio ya mwenyekiti wa kijiji ikatangaza vita dhidi ya Nduli Amini wa Uganda. Vijana waliondoka kwa malori, kaka yangu akiwemo. Ijumaa iliyofuata, Speciosa aliposimama mahali pake, donge la udongo lilimpiga mgongoni.

"Nduli! Toka kwetu!"

Alicheka kwanza, akidhani ni mchezo. "Kwetu ni wapi tena? Nyumba yetu si ile pale kwenye migomba?"

"Kahawa yako mpelekee Amini!"

Hakuwa na jamaa hata mmoja Uganda, na sote tulijua. Madonge yaliendelea. Alinigeukia, akanyoosha mkono. "Waambie," akasema. "Waambie ilikuwa yako."

Niliangalia vidole vyangu vya miguu, vyeupe kwa majivu. Nilijua nikifungua kinywa, madonge yatanigeukia mimi. Sikusema. Mwalimu Zabroni alitoka ofisini na ufagio. Nilidhani atatuchapa kwa mpini. Aliifagia ramani yote, na hakuichora tena.

Speciosa hakurudi shuleni. Kanisani, wakati wa kupeana amani, alikaa benchi la mbele yangu na hakugeuka. Baadaye aliolewa Nemba, upande wa Biharamulo. Nikiwa mtu mzima nilimwandikia barua ndefu ya kumwomba radhi. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia mama mmoja wa sokoni: Speciosa anasalimu, lakini kusoma alishasahau, na hakutaka mtu mwingine amsomee.

Namshukuru Mungu kwa mengi. Kaka alirudi, nilisoma nikamaliza, nimeona wajukuu. Msamaha nimeuomba miaka yote hii, na kungoja nimezoea. Lakini juzi mjukuu wangu wa sekondari alinionyesha daftari lake. Wanafundishwa uraia wa dunia. Amechora watoto wa rangi zote wameizunguka dunia, wameshikana mikono, na amepata alama nzuri. Nikamuuliza habari za binti wanayekaa naye darasani, ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

"Yule mkimbizi?" akasema.

"Si amezaliwa hapa hapa Ngara?"

"Ndiyo, Bibi, lakini wote wanamwita hivyo. Siku hizi haji."

"Na wewe ulisema nini walipokuwa wakimwita?"

Aliinamisha kichwa, akaangalia miguu yake. Viatu vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, havina majivu hata kidogo.